Alivyolazwa Badru

Picha ya kaburi ilifika kijijini Masaki siku chache baada ya arobaini. Aliileta Stellamaris, msichana aliyekuwa akifanya kazi na Badru ofisi moja kule Kibaha. Alishuka kwenye bodaboda vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, akampa shikamoo Mwanaamina, akakaa mkekani, kisha akabaki ameishika simu mkononi bila kuifungua.

"Nionyeshe, mwanangu," Mwanaamina alisema. "Hakuna kitakachonitisha kuliko nilichokwisha kusikia."

Kilikuwa kichuguu cha udongo mweusi, juu yake wametandaza maua ya njano. Nyuma yake misalaba. Upande wa kushoto misalaba, mingine imepakwa rangi ya buluu, mingine kijani kibichi. Upande wa kichwani haukuonekana, aliyepiga picha alikuwa ameukata.

Mwanaamina aliitazama mpaka kioo cha simu kikazima. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane, mkulima wa mihogo na korosho, na Badru alikuwa kitinda mimba wake. Mtoto alisoma mambo ya udongo, akaajiriwa Kibaha, halafu shirika moja la nje likamchukua kwenda Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, kuwasaidia wakulima wa milimani wasipoteze ardhi yao kwa mvua. Alikuwa amebakiza miezi minne arudi. Mvua za mwezi wa kumi zikauporomosha mlima ukamfukia. Barabara ilifungwa wiki tatu, na wanakijiji wakamzika hukohuko. Ndivyo ilivyoeleza barua ya shirika, na haikueleza zaidi.

"Nani alimwosha?" Mwanaamina aliuliza.

"Sijui, mama."

"Amelazwa ameelekea wapi?"

Stellamaris aliinamisha kichwa. "Hilo nalo sijui. Nimewaandikia mara mbili, wananijibu amezikwa kwa heshima."

Kibwana, mdogo wake marehemu mume wa Mwanaamina, alikuwepo. Aliichukua simu, akaiangalia kidogo, akairudisha kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Picha hii asiione mtu mwingine," alisema. Lakini maneno hayafungwi kamba. Ilipofika Ijumaa, pale dukani watu walishaanza kunong'ona kwamba mtoto wa Mama Badru kazikwa chini ya msalaba.

Shirika lilikuwa limeleta karatasi. Familia ikitaka, mwili ungefukuliwa na kurudishwa Tanzania, mzazi atie saini tu. Na mzazi akitaka kwenda kwanza kuzuru, wangemsafirisha yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza. Kibwana aliita kikao cha ukoo, akamwalika na Ustadhi Khalfani wa msikitini.

"Shemeji, tia saini," Kibwana alisema. "Wamlete tumzike kwetu, kwa staha, watu wafunge midomo."

"Sitii," alijibu Mwanaamina.

"Kwa nini?"

"Siwezi kumfukua mtu nisiyejua amelalaje. Nakwenda kwanza nikaone."

Kibwana alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeamini alichosikia. "Uende wapi? Wewe hata Morogoro hujafika. Na tangu lini mwanamke akaenda makaburini?"

Mwanaamina hakuinua sauti. "Alipozikwa kaka yako nilikaa ndani na wanawake wenzangu. Nilikaa kwa sababu nilijua ninyi mpo. Mlimwosha ninyi, mlimbeba ninyi, mliingia kaburini ninyi. Huyu alikuwa na nani?"

Ustadhi Khalfani alikohoa, akasema hitima ilishasomwa, sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, ilishaswaliwa, mengine ni ya Mungu. Kisha akamtazama Mwanaamina na kuongeza, "Lakini mama kuzuru kaburi la mwanawe ili apate utulivu, mimi simzuii. Mwacheni aende."

Kutoka hapo mpaka kupanda ndege ilipita miezi mitano, kwani vidole vyake vilikataa. Miaka arobaini ya kumenya mihogo na kubangua korosho ilikuwa imesaga alama zote, na mashine ya pasipoti haikuona kitu. Mara ya kwanza aliambiwa arudi wiki ijayo. Mara ya pili hivyohivyo. Alipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, akakaa mwezi mzima bila kugusa jembe wala kisu, majirani wakimlimia. Mara ya tatu kidole gumba kimoja kikasoma. Mara ya nne vikasoma vyote, na dada wa kwenye mashine akampongeza kama aliyefaulu mtihani.

Stellamaris ndiye aliyemsindikiza. Yeye alikuwa ametangulia kwenda nchi hiyo mwaka mmoja kabla ya Badru, akakaa miezi minane na kujifunza Kihispania. Kijiji chenyewe alichozikwa Badru, Chuwihuyu, hakuwahi kukiona. Badru alikuwa akimtania kwenye simu kwamba yeye alikaa mjini akila mikate mitamu, ilhali wenziwe wako juu kwenye baridi.

Walipanda ndege tatu. Walifikia Antigua, mji wa kale uliojengwa na Wahispania walipoitawala nchi ile. Barabara zake zimetandikwa mawe, nyumba zimepakwa rangi ya yai na ya matofali, na kila baada ya mitaa miwili kuna kanisa kubwa lililoangushwa na tetemeko zamani, likaachwa hivyohivyo na nguzo zake. Juu ya mapaa mlima mmoja ulikuwa ukitoa moshi. Watalii walisimama katikati ya barabara kuupiga picha. Mwanaamina aliuangalia mara moja tu.

"Chuwihuyu iko wapi?" aliuliza.

Stellamaris alionyesha upande mwingine, kwenye milima ya kijani iliyofunikwa na ukungu. "Kule juu, mama. Tupumzike leo na kesho, uzoee hewa. Hewa ya huku ni nyepesi."

"Tupumzike leo. Kesho twende."

Asubuhi gari la shirika liliwapandisha kupita mashamba ya kahawa na ya mahindi, mpaka kwenye kona ambapo barabara ilikuwa imekatika. Mvua ya juzi yake ilikuwa imeibeba. Dereva alishuka, akatazama, akarudi akitikisa kichwa. Alizungumza na Stellamaris kwa kirefu.

"Anasema katapila litakuja keshokutwa," Stellamaris alitafsiri. "Anashauri turudi mjini."

"Kwa miguu ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita sita. Mama, ni za kupanda zote."

Mwanaamina alishafungua mlango. Alivua kandambili zake za safari, akavaa raba alizonunuliwa na Fadhila, binti yake mkubwa, akajifunga kanga ya pili kiunoni. "Nimetembea na tenga la mihogo kichwani na mimba ya Badru tumboni," alisema. "Leo sina mzigo."

Haikuwa rahisi kama maneno yake. Kufika kona ya pili kifua kilikuwa kinambana kana kwamba mtu amemkalia. Kufika ya tano alilazimika kukaa kila baada ya hatua hamsini. Stellamaris alimwomba warudi, akamwomba tena, kisha akaacha kuomba, akawa anatembea nyuma yake na kumshika mgongo penye utelezi. Walipita mahali ambapo ubavu mzima wa mlima ulikuwa umechunika, udongo mtupu kutoka juu mpaka bondeni, na nyasi changa ndiyo kwanza zinaota. Wote wawili walielewa kwamba ndio mlima uliomfukia Badru. Mwanaamina alisimama pale akapumua mpaka moyo ukatulia, akasema "Twende."

Waliingia Chuwihuyu adhuhuri. Nyumba zilikuwa chache, za matofali ya saruji na mapaa ya bati, zimeng'ang'ania mteremko. Nje ya nyumba ya kwanza mwanamke mfupi wa rika la Mwanaamina, nywele zake zimesukwa mikia miwili kwa utepe, alikuwa amepiga magoti chini anafuma kitambaa. Ncha moja ya nyuzi ilifungwa kwenye nguzo na nyingine kwenye mkanda nyuma ya kiuno chake. Aliinua macho. Alimtazama Mwanaamina usoni, akaacha kufuma, akajifungua ule mkanda.

"Badru," alisema. Hakuwa anauliza.

Huyo ndiye Petrona, mwenye nyumba aliyokuwa akiishi Badru. Mwanaamina alikuwa amepanga maneno ya salamu njia nzima, Stellamaris ayatafsiri, lakini hayakutoka. Walishikana mikono, wakaingia ndani, wakapewa kahawa, na mume wa Petrona, mzee Marcelino, akaitwa kutoka alikokuwa anajenga ukuta. Alikuwa fundi mwashi. Alikaa mlangoni na saruji bado iko mikononi.

Mwanaamina aliweka kikombe chini. "Stella, waulize kwa mpangilio huu nitakaokwambia, na unijibu vilevile wanavyosema. Usinipambie."

"Sawa, mama."

"Alikufaje?"

Petrona ndiye aliyejibu. Mlima ulishuka alfajiri, ukazifukia nyumba tatu za chini. Watu walishuka na majembe, Badru akiwa mbele. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wachimbe wapi na wasikanyage wapi, kwa kuwa alijua udongo. Walimtoa mama mmoja na mtoto wake, wazima. Aliposikia bado kuna bibi ndani, alirudi. Hapo mlima ukashuka mara ya pili.

Mwanaamina aliendelea na swali la pili. "Nani alimwosha?"

"Mimi," alisema Marcelino, "na wanangu wawili wa kiume. Kwa maji ya moto. Tulimwosha mara tatu."

Mwanaamina alimgeukia Stellamaris akidhani amesikia vibaya. "Mara tatu? Nani aliwaambia mara tatu?"

"Yeye mwenyewe," Petrona alisema. "Mama yangu alifariki hapa nyumbani mwaka jana. Badru alitusaidia kuchimba. Usiku wa matanga tukamuuliza, kwenu mnazikaje? Akatueleza yote. Kuosha, kitambaa cheupe, bila sanduku, ubavu wa kulia, uso kuelekea mahali pake pa sala. Tulimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mambo ya nchi ya mbali. Hatukujua kwamba anatuachia wosia."

"Kitambaa mlipata wapi?"

Petrona alisita kabla ya kujibu, na Marcelino akajibu badala yake. "Huyu mke wangu alikuwa amejifumia mwenyewe. Cheupe kitupu, kwa ajili ya siku yake ya kuzikwa. Alikitoa sandukuni akakikata vipande vitatu."

Kanga ilikuwa mdomoni mwa Mwanaamina sasa, ameiuma. Stellamaris alikuwa akitafsiri huku machozi yanamtiririka, lakini hakukatisha.

"Na msalaba?"

Kwa swali hilo Petrona alinyooka mgongo. Alisema msalaba haupo. Kamati ya makaburi ilitaka kuweka, kwa nia njema tu, wakaona ni aibu kijana aliyekufa kwa ajili yao akae bila alama. Walikuja na mbao zimeshapakwa rangi. Yeye alikwenda akakaa juu ya udongo wa kaburi kutwa nzima, akawaambia anayetaka kuupigilia aanzie kwake. Wakaondoka. Miezi miwili hawakumsalimia kanisani.

Mwanaamina aliposikia hayo aliinuka. Alimfuata Petrona pale alipokaa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza kifuani kwake kama mtu anavyomlaza dada yake msibani. Walilia hapo, kila mmoja kwa lugha yake.

Baadaye walipanda makaburini. Marcelino aliwatangulia, lakini kwanza aliwapitisha kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, nyuma ya nyumba. Alionyesha mahali Badru alipokuwa akitandika mswala wake, kisha akaonyesha mnara wa simu juu ya mlima wa ng'ambo. Badru alikuwa akielekea pale kila siku.

"Ila ukitoka hapa ukaenda makaburini, ule mnara hauko tena upande uleule," alieleza kwa mikono yake ya ufundi. "Wenzangu walisema tumwelekeze mnarani, basi. Nikawaambia hapana. Hakuwa anausali mnara."

Kwa hiyo alikuwa amechukua kamba yake ya kujengea. Alisimamisha mambo mbili, vigingi vya kufungia kamba, uwanjani kufuata mswala, kisha akaihamisha ile kamba kwenda juu, mambo kwa mambo, kila mstari sambamba na uliotangulia, kupita bustani ya maharage ya jirani na kuvuka ukuta, huku mvua inanyesha na mlima bado haujatulia, mpaka ikafika makaburini na upande uleule haujapotea. Ndipo wakachimba.

Kaburi lilikuwa pembeni, limezungushiwa mawe madogo yaliyopangwa vizuri. Marcelino alivua kofia. Alimwambia Stellamaris jambo kwa sauti ya chini, naye akachelewa kulitafsiri.

"Mama, anauliza kama walipatia. Anasema amekuwa akijiuliza tangu siku ile, na hakuwa na mtu wa kumuuliza."

Kabla ya safari Ustadhi Khalfani alikuwa ameweka dira ya kibla kwenye simu ya Stellamaris, na kwa dira hiyo Mwanaamina alikuwa ameswali kule mjini. Sasa alipiga magoti, akailaza simu juu ya kaburi. Mshale ulizunguka, ukayumba, ukatulia. Ulikuwa umelikata kaburi katikati, sawasawa, kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, pale ambapo uso wa Badru ungekuwa umeelekea.

"Mwambie wamepatia," Mwanaamina alisema. "Mwambie hata baba yake hakulazwa kwa uangalifu huu."

Marcelino aliposikia aligeuka upande akajifuta uso kwa kofia.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hawakuliweza, Petrona alisema. Maneno ya kumwombea hawakuyajua, na hawakutaka kumsomea yao bila ruhusa yake. Kwa hiyo walikaa kimya, kijiji kizima, mpaka mishumaa ikaisha.

Mwanaamina alisimama mbele ya kaburi, akanyoosha ushungi wake, akainua mikono akakabiri. Alimswalia mwanawe mwenyewe, takbira nne, kama alivyoelekezwa na Ustadhi. Nyuma yake Petrona na Marcelino na Stellamaris walisimama wameinamisha vichwa. Alipomaliza alichota udongo mweusi kiganjani, akaunusa, akaurudisha mahali pake.

Walilala Chuwihuyu siku mbili. Siku ya tatu mtu wa shirika alipanda na pikipiki, karatasi za kufukua zikiwa mkobani, akaeleza kwa upole kwamba kila kitu kiko tayari, imebaki saini. Mwanaamina alizichukua zile karatasi, akazikunja mara mbili, akamrudishia.

"Mwambie asante," alimwambia Stellamaris. "Huyu mtu kalazwa vizuri. Simwamshi."

"Una hakika, mama? Mzee Kibwana ata—"

"Kibwana nitaongea naye mwenyewe."

Na aliongea naye. Alifika Masaki siku ya Jumatano, na kabla hajavua ushungi alituma aitwe. Kibwana alikuja amekunja uso. Alishasikia kwamba ndege imeleta watu wawili tu.

"Umemwacha?" aliuliza akiwa bado amesimama.

"Nimemwacha. Kaa chini, shemeji."

"Umemwacha mtoto wetu kwa watu baki?"

"Nimekwambia kaa chini."

Alikaa. Mwanaamina alimweleza yote tangu mwanzo, bila kuruka: maji ya moto, mara tatu, kitambaa cha Petrona, kamba ya Marcelino ilivyovutwa katikati ya mvua, na mwanamke aliyekaa juu ya kaburi kutwa nzima ili mtoto asiye wake asipigiliwe kitu asichokitaka. Kibwana alianza kusikiliza ameangalia ukuta. Ilipofika kwenye kamba aligeuka.

"Alivusha kamba juu ya ukuta?" aliuliza.

"Alivusha."

"Mvua inanyesha?"

"Inanyesha, na mlima unatishia kushuka tena."

Kibwana aliuma midomo. Mwaka ule alipozikwa kaka yake, yeye ndiye aliyeingia kaburini, na alijua kazi ya kumlaza mtu ilivyo hata pakiwa pakavu na msaada umejaa. Uani Fadhila alikuwa anatwanga kisamvu, na mchi wake ulisikika mpaka ndani.

"Ijumaa nitasema msikitini," alisema mwishowe. "Waliokuwa wananong'ona wasikie kutoka kwangu. Na hao watu tuwaombee dua kwa majina yao. Kijiji kinaitwaje?"

"Chuwihuyu."

"Chuyu... Rudia."

"Chuwihuyu."

"Chuwi-huyu," Kibwana alisema taratibu. Akalirudia tena kwa sauti ya chini, kisha mara ya tatu, mpaka likamkaa mdomoni.